Gardibu ya jeep: angalia pine kwanza, kisha urembo

Mvua ikianza kunyesha mu mwezi wa 11, barabara za kuenda ku karieri zinageuka matope mekundu, na wenye jeep wanaanza kutafuta pine kubwa. Pine kubwa inapita pale pine ya kiwanda inazama, hakuna mutu atakataa. Lakini ikishafungwa inakwaruza gardibu, ile tole inayofunika pine kwa juu. Basi tolie anachukua mashine yake ya kukata, anaondoa tole yote inayosumbua. Pine inazunguka bure, shofere anafurahi, gari inatoka mu garaji nusu ya pine ikionekana inje kama jicho la chura.

Tuanzie hapo, juu njo mahali watu wanaumizwa.

Pine ya matope iko na meno marefu. Kati ya meno hayo kunaingia mawe. Gari ikitembea kilometa 60 kwa saa, sehemu ya chini ya pine inashika barabara, lakini sehemu ya juu kabisa inaenda mbele mara mbili ya mwendo wa gari, maana yake 120. Jiwe likiachiliwa huko juu, linatoka na ule mwendo wote. Kama gardibu inafunika pine, jiwe linagonga tole, linaanguka chini, tunasikia tu "ko!" na safari inaendelea. Kama haifunike, jiwe linaenda mu parebrizi ya kamioni inayokuja, ao mu uso wa mama anayetoka sokoni na beseni ku kichwa. Ku barabara kama ile ya Likasi kuenda Kolwezi, kamioni za madini hazikatike muchana na usiku, na watoto wa masomo wanatembea pembeni. Shofere mwenyewe hataona kitu. Jiwe likishatoka, yeye alishapita zamani.

Inchi za Ulaya ziliandika kanuni ya mambo hii tangu mwaka 1978, na ni kanuni nzuri hata kwa mutu asiyekuwa na polisi wa kumuuliza. Simama upande wa shofere, angalia pine kama saa ya ukutani. Kuanza namba 11, kupitia 12, mpaka karibu na namba 2, gardibu inapaswa kufunika upana wote wa pine. Kupima ni bure: funga buloni ku kamba, iache ining'inie kutoka ukingo wa gardibu. Kamba ikishuka inje ya pine bila kuigusa, ni sawa. Kamba ikilala juu ya pine, gari yako inatupa mawe.

Sasa, mbele ya kununua gardibu mpya, jiulize kama ile pine kubwa ni ya lazima. Land Cruiser nyingi za kazi zinatembea na 7.50 R16. Namba hiyo inasema upana wa inchi 7 na nusu, karibu santimita 19. Wanaopenda kuonekana wanafunga 285, maana yake santimita 28 na nusu. Ni tofauti ya karibu santimita 10, na lazima ziende mahali fulani: ndani zinagusa resoro, inje zinapita gardibu. Wengi hawapendi kusikia hii, lakini mahali matope ni ya juu juu na chini kuna udongo mugumu, pine nyembamba inakata matope na kushika ule ugumu. Ile pana inaelea juu, inateleza. Mutu anayebakia na 7.50 hana shida ya gardibu hata kidogo, na makuta yake inabakia mu nyumba.

Kama umeamua pine pana, pima nafasi vizuri, na usipime gari ikiwa imesimama ku sima ya garaji bila muzigo. Pale pine yote inaonekana kuwa na nafasi. Pakia gari sawa inavyopakiwa siku ya kazi, panda na pine moja ya mbele juu ya kichuguu ao lundo la udongo mpaka resoro ikandamizwe, kisha zungusha usukani mpaka mwisho, kushoto na kuume. Kabla ya kupanda, bandika ndani ya gardibu vipande vya udongo wa mufinyanzi, vikubwa kama kidole gumba. Ukishuka, angalia vile pine imevisaga. Nafasi ya kidole kimoja haitoshi kwa gari ya matope, kwa sababu matope yenyewe yanajaza ile nafasi, yanakauka, yanakuwa kama tupa inayokula pine. Mimi ningeacha vidole vitatu.

Nafasi ikikosa, usikate tole kwanza. Kuna nyongeza za kufunga ku ukingo wa gardibu, zinaongeza upana. Zile za plastiki laini ao kauchu ni nzuri kupita zote: ukigusa muti, zinajikunja na kurudi. Za fibra hazishike kutu na zinatengenezwa kwa rezini, lakini pigo moja ya nguvu inazipasua, na fibra iliyopasuka iko na makali. Za chuma nene, zile wanakata mu feraye ya tole ya milimita 3 na kuunga ku gari, ningezikataa kabisa. Zinasimama ku urefu wa goti la mutu muzima na kifua cha mutoto. Mu njia nyembamba ya sokoni, ile si gardibu tena, ni panga.

Wenye Land Cruiser ya V8 diezeli iliyoanza kutoka mwaka 2007 waangalie kitu kimoja. Ile mwaka Toyota ilipanua uso wa gari ili motere mpya iingie, na pine za mbele zikakaa mbalimbali kupita za nyuma kwa karibu santimita 9 na nusu. Ukifuata gari hiyo mu matope utaona mistari ya nyuma haiingii mu mistari ya mbele. Watu wanaweka kale kati ya janti na mwili wa gurudumu ku nyuma ili zilingane. Mu matope inasaidia, ni kweli, lakini gardibu ya nyuma haikutengenezwa kwa ule upana. Ukiweka kale, gardibu ya nyuma inapaswa kupanuka pia, siku ile ile, si "tutaona mwezi ujao".

Mabadiliko ya 2007 yanagusa hata mununuzi wa okazioni. Gardibu ya mbele ya Land Cruiser 79 ya mbele ya 2007 haiingie ku ile ya kisha 2007; kapo ni nyingine, taa ni nyingine. Muuzaji wa piese atakuambia: "Yaya, chukua tu, ni orijino, ni 79 yote moja." Ni kweli zote ni 79, na haziingiliane. Beba gardibu ya zamani ku duka, hata kama imevunjika, uzilaze moja juu ya ingine, tundu za buloni zikutane. Usisahau tundu la lile bomba la kupumulia linalopanda mupaka juu ya paa: ukinunua gardibu isiyokuwa nalo, itatoboka kwa mukono, na mahali pametobolewa vibaya maji yanaingia.

Okazioni inaficha mengi chini ya rangi. Tole ya mwili wa gari haifike milimita 1, kwa hiyo kutu ikiianza haina kazi ndefu. Beba sumaku ndogo, hata ya bafle iliyokufa. Pitisha juu ya gardibu yote. Pale inaposhika kwa nguvu ni tole. Pale inapoteleza na kuanguka ni masitiki imejazwa mu shimo. Kisha geuza gardibu, angalia ndani. Muuzaji anapaka rangi inje. Ndani anasahau, na ndani njo mahali ukweli uko.

Kwa familia zetu za madini kuna adui mwingine asiyejulikana sana mu garaji. Mutu aliyefanya kazi ya shaba anaijua: tia musumari safi ndani ya maji yenye shaba iliyoyeyuka ndani yake, na kisha dakika chache musumari unavaa rangi nyekundu. Ile nyekundu ni shaba iliyoshuka, na chuma imechukua nafasi yake mu maji. Viwanda vilitumia feraye hivyo kukamata shaba. Sasa fikiria gari inayopita kila siku mu maji ya asidi karibu na kiwanda cha shaba, na gardibu iliyokwaruzwa mpaka chuma inaonekana. Ni musumari ule ule. Kwa hiyo mu eneo yetu tole iliyopakwa zinki, ile ya galvanize, inastahili bei yake, na gari inaoshwa chini, ndani ya gardibu, nyuma ya plastiki ya ndani, si kapo tu. Toa ile plastiki mara moja kila mwisho wa mvua. Utashangaa kilo za udongo zinazolala pale.

Wenye Land Rover ya zamani watasema gari yao ni aluminiumu, haishike kutu. Ni kweli, lakini buloni ni za chuma, na pale metali mbili zinakutana na maji, aluminiumu inageuka unga mweupe. Washa ya kauchu kati yao, na grisi kidogo.

Nyuma ya pik-up tunasahau zaidi. Wengi wanatoa sanduku la kiwanda na kujengea jukwaa la kubeba mifuko na watu, na gardibu ya nyuma inaondoka pamoja na sanduku. Kinachobakia ni mbao, chini yake pine inayotupa. Hapo tole iliyokunjwa nusu duara, yenye ukingo uliokunjwa ndani ili isikate, inatosha. Haina lazima ya kutoka Dubai. Ongeza bavete ya kauchu nyuma yake, kipande cha mukanda wa zamani wa mashine ni kigumu vya kutosha. Ikiwa fupi haizuie kitu, ikiwa ndefu pine itaikanyaga ukirudi nyuma na kuing'oa pamoja na tole. Pima gari ikiwa imejaa, na funga munyororo mudogo wa kuiinua mahali pa mawe makubwa.

Siku ya kufunga, paka rangi ya kuzuia kutu ndani ya gardibu na mu kila tundu mbele ya buloni kuingia. Buloni za zamani zitakuwa zimeshikwa. Mwaga petroli ao mafuta jioni, uziache zilale, asubuhi zitatoka bila kuvunjika. Ingiza buloni zote kwa mukono kwanza, funga mulango na kapo, angalia nafasi kati yao iwe sawa kutoka juu mpaka chini, kisha kaza. Tolie mwenye haraka anakaza moja moja, na siku ya kwanza ya mashimo mulango unaanza kukwaruza gardibu mpya.