Kila Mkunjo na Jina Lake

Kitenzi "kunja" cha Kiswahili kina kazi nyingi: mkeka hukunjwa, shati hukunjwa, hata uso hukunjwa. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa maneno kadhaa, na mara nyingi kinachoyatenganisha ni chanzo cha mkunjo wenyewe.

Neno la jumla ni "wrinkle". Hutaja makunyanzi ya ngozi yanayoletwa na uzee na jua, au vijikunjo vya nguo vinavyotokea bila kukusudiwa. "Crease" ni mstari unaobaki kitu kikishakunjwa na kugandamizwa, kama ule unaosimama mbele ya suruali iliyopigwa pasi. Mstari huo unaweza kuwa pambo. "Wrinkle" kwenye suruali hiyohiyo ni kasoro.

"Crumple" hudai nguvu. Karatasi ikifinywa kiganjani ikawa donge, kisha ikakunjuliwa, alama zake hukimbia kila upande na haziishi. Sehemu ya gari iliyoundwa ibonyee wakati wa ajali ili ipokee nguvu ya pigo kabla haijawafikia abiria huitwa "crumple zone". Ubunifu huo wa mhandisi Béla Barényi uliingizwa katika magari ya Mercedes-Benz mwaka 1959. "Rumple" ni pole zaidi: ni shuka baada ya usingizi, au nywele za mtoto zilizotimuliwa na mkono wa mtu mzima.

"Crinkle" ni mikunjo midogo kama mawimbi, na mara nyingi huja na sauti, kama karatasi ya peremende inapofunguliwa. "Pucker" ni kuvutwa pamoja: uzi ukikazwa mno, kitambaa hujikusanya kando ya mshono, midomo nayo hufanya hivyo mtu akionja ndimu. "Furrow" asili yake ni shambani, ni mfuo unaoachwa na plau. Kutoka hapo neno limehamia kwenye paji la uso, kutaja mistari mirefu ya mtu mwenye wasiwasi au mawazo mazito.

Kwa hiyo mwanafunzi au mfasiri asikimbilie neno la kwanza kwenye kamusi. Kwanza aulize mkunjo umeletwa na nini: umri, pasi, kiganja, usingizi, uzi au mawazo. Akishapata jibu, neno linalofaa halitakuwa mbali.