Fahamu: Kwa nini kirusi cha influenza hubadilika kila mwaka?

Influenza si mafua ya kawaida. Huanza ghafla kwa homa kali, viungo kuuma na kikohozi kikavu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria huua watu 290,000 hadi 650,000 kila mwaka.

Kinavyojibadili

Ganda la kirusi lina protini H, inayojishikiza kwenye seli za njia ya hewa, na N, inayoviachilia virusi vipya vikasambae. Kirusi hukosea mara nyingi kinapojinakili. Makosa hayo huibadili H kidogo kidogo, hadi kinga ya mwaka jana ishindwe kuitambua vizuri. Ndiyo maana WHO hupitia upya chanjo mara mbili kwa mwaka.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye aina A, yenye vipande 8 vya vinasaba. Virusi viwili tofauti vikiingia seli moja, vipande huweza kuchanganyika na kuunda kirusi kipya. Hivyo ndivyo kirusi cha H1N1 cha mwaka 2009 kilivyotokea.

Walio hatarini

Wajawazito, watoto wadogo, wazee, wenye pumu, kisukari au ugonjwa wa moyo. Hawa wakianza kupumua kwa shida wapelekwe hospitali mara moja. Antibayotiki haziui virusi. Dawa ya oseltamivir husaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze.