Ziwa Jeusi Kabla Jua Halijapanda

Kwa Kimaa liliitwa Basso Narok, yaani ziwa jeusi, na jirani yake mdogo wa kaskazini-mashariki aliitwa Basso Ebor, ziwa jeupe. Mwezi wa Machi 1888, Count Teleki na mwenzake von Höhnel walipofika ukingoni pamoja na wapagazi wao, wengi wao watu wa pwani yetu hii, majina hayo yalifunikwa na ya mwana wa mfalme wa Austria na mkewe. Jeusi likawa Rudolf hadi 1975, lilipoitwa Turkana. Watalii wamezoea kuliita Bahari ya Zumaridi, kwa kijani cha mwani wake. Apigaye picha za nyeusi na nyeupe ziwani hapa, basi, huliondolea sifa yake kuu, na wengi wapendao picha huona hilo ni hasara. Sisi twaona kinyume, lakini kwa saa moja tu ya siku.

Saa hiyo ni ya alfajiri. Atokaye Lopur, kando ya Kakuma, husafiri kilomita zipatazo 120 hadi Lodwar, kisha kama 60 nyingine hadi Kalokol. Ufuo huo wa magharibi hulitazama jua likichomoza majini, kama lichomozavyo kwetu Mombasa, ila kwa kuchelewa kidogo: karibu saa kumi na mbili na nusu. Aliyekwisha kusali ana muda mfupi, kwani karibu na ikweta jua hupanda wima na mapambazuko hayakawii. Kabla halijapata nguvu, maji hayana kijani. Yana kijivu cha daraja nyingi.

Ukungu wa maziwa ya nchi za baridi hutoka majini, hewa ikiwa baridi kuliko maji. Turkana haina baridi hiyo, hata wakati wa kipupwe chetu. Kinachofunika upeo ni vumbi la upepo wa kusini-mashariki, ambao hubanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, hupata nguvu usiku, na huvuma hadi asubuhi. Katika picha vumbi hilo hufanya kazi ya ukungu: mtumbwi wa karibu hubaki mweusi, wa pili huwa wa kijivu, wa tatu kivuli. Mwenye simu na aguse sehemu angavu ya mbingu kabla ya kupiga, ili anga lisitoke kama karatasi tupu. Na mchanga ulioingia kwenye lenzi upulizwe. Ukifutwa kwa ncha ya kanzu, utaikwaruza.

Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanza kazi ya picha Dar es Salaam, alilitolea ziwa hili kitabu, Cradle of Mankind, mwaka 1981. Miaka mitatu baadaye picha zake za njaa ya Ethiopia ziliamsha dunia. Tangu hapo wengi waendao kaskazini hutafuta mbavu za mtoto, na nyeusi na nyeupe ndiyo njia nyepesi ya kumfanya mtu aonekane fukara na wa zamani. Mvuvi aombwe ruhusa kwanza, kisha aonyeshwe picha yake. Akikataa, ziwa lipo.

Hapo Kalokol kiko kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980. Muda si mrefu Ghuba ya Ferguson ikakauka, kiwanda kikabaki mbali na maji. Miaka ya karibuni maji yamerudi kwa kishindo, yakameza nyumba na miti. Vigogo vilivyokufa vimesimama ziwani, navyo hupendeza mno katika kijivu cha alfajiri. Vilikuwa vivuli vya watu. Anayevipiga picha na awaulize wenyeji kijiji kilikuwa wapi, aliandike jina lake nyuma ya picha.

Ifikapo saa moja na nusu kijani kimerudi majini. Huo ni wakati wa kufunga kamera na kwenda kununua samaki.