Njiti Nne za Kiberiti

Mkulima wa korosho wa Kisarawe, aliyefikisha miaka 75 bila kupata kukaa darasani, akiambiwa atoe saba katika mia, kisha atoe saba tena, huenda akanyamaza. Je, amepoteza kumbukumbu? Bado hatujui; kilichopimwa hapo ni shule asiyoisoma. Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya kipimo mashuhuri cha alama 30 kilichotungwa Marekani na Folstein na wenzake mwaka 1975, ambacho humtaka mgonjwa asome, aandike na kunakili mchoro.

Watafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walilikabili tatizo hilo. Uchunguzi wao, uliochapishwa mwaka 2013, uliwakuta na demensia takriban watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Katika kazi hiyo kikazaliwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kisichohitaji kalamu wala kusoma. Mzee huulizwa leo ni siku gani, kiongozi wa kijiji ni nani, na daraja ni kitu gani. Hutaja wanyama awajuao kwa dakika moja, hupanga njiti nne za kiberiti kwa kufuata mfano, na hukumbuka maneno kumi aliyofundishwa mwanzoni. Alama zote ni 15. Apataye 7 au chini yake huenda ana demensia.

Neno "huenda" lisirukwe. Asiyesikia vizuri, mwenye sonona au mwenye upungufu wa vitamini B12 aweza kupata alama chache vilevile. Aliyechanganyikiwa ghafla, kwa siku mbili tatu tu, hasa akiwa na homa, hiyo ni dharura. Apimwe malaria na maambukizi kwanza, mambo ya njiti yangoje.

Mhudumu wa zahanati amwamkie mzee kwa heshima na kumweleza kwamba huu si mtihani. Watoto wake wasimnong'oneze majibu, kama wapendavyo kufanya kwa kumwonea haya. Wao wana maswali yao, tena kando: hali hii ilianza lini, na je, bado anahesabu fedha zake mwenyewe? Binti akisema baba hupotea njia ya shamba aliyoipita miaka arobaini, maneno hayo yana uzito kuliko alama yoyote. Yaandikwe kwenye faili pamoja na tarehe, ili kipimo kitakaporudiwa baada ya miezi 6 ijulikane kama ameshuka.