Deki ya bei mbaya Kilosa na Mikumi: picha safi, hesabu ngumu

Wauza vifaa vya umeme wa Kilosa na Mikumi wanakubaliana jambo moja tu kuhusu deki: ile ya bei ya chini bado inauzika. Kuhusu deki ya hadhi ya juu, yenye kusoma Blu-ray na 4K, kila mmoja ana lake, na wengi hawaiagizi mpaka mteja atangulize fedha.

Wateja wake ni wachache na wanajulikana. Wapo wenye nyumba za wageni zinazotegemea watalii wa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, wapo wapiga video za harusi wanaotaka kuwaonyesha wateja kazi yao kwa ubora wake, na wapo watu wenye kipato kizuri wanaopenda sauti. Wenye vibanda umiza, waliokuwa nguzo ya biashara hii, siku hizi wanategemea ving'amuzi vya mpira na flashi za filamu zilizotafsiriwa.

Mfanyabiashara mmoja wa Mikumi, aliyeomba jina lake lisitajwe, anasema tatizo lake si mashine kuharibika. Anauza ubora usioonekana. Mteja hulipa bei ya deki nne au tano za kawaida, kisha hurudi akidai picha ni ileile. Fundi akienda nyumbani kwake hukuta mambo mawili: deki imeunganishwa kwa waya za njano, nyekundu na nyeupe badala ya HDMI, na DVD inayochezwa ni ya filamu kumi ndani ya moja.

Malalamiko hayo yana msingi wa kihesabu. DVD ya kawaida ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7. Ukigawa kwa filamu kumi, kila filamu inabaki na takriban megabaiti 470. Filamu hiyohiyo kwenye Blu-ray hupewa diski ya gigabaiti 25 au 50 peke yake. Picha ya DVD kwa mfumo wa PAL unaotumika nchini ina nukta 720 kwa 576, wakati ya 4K ina 3,840 kwa 2,160, yaani mara 20 zaidi. Deki ya hadhi ya juu inaweza kuilainisha picha ndogo ijae kwenye runinga kubwa, lakini haiwezi kurudisha kilichokwisha kufutwa wakati wa kudurufu.

Kwa hiyo, anasema mfanyabiashara huyo, anayenunua mashine bila kununua diski halisi amenunua sanduku. Na diski halisi za Blu-ray hazipo Kilosa wala Mikumi, na hata Dar es Salaam ni za kutafuta. Stempu za kodi zilizoanza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013 zilitarajiwa kulinda soko la nakala halali. Yeye anadai zilichofanya ni kuipandisha nakala halali bei, huku mdurufu akiendelea na kazi yake mchana kweupe.

Kwenye sauti ndiko mashine hizi zinakojitetea vizuri zaidi. Nyingi zina sanduku zito la chuma linalopunguza mtetemo wa diski, sehemu ya umeme iliyotengwa na ya sauti, na matundu mawili ya HDMI, moja la picha na jingine la sauti. Hata CD ya zamani ya muziki wa dansi husikika tofauti, mradi spika ziwe za maana. Ikiunganishwa na sabufa ya kawaida ya sebuleni, tofauti hiyo humezwa na besi.

Halafu kuna umeme. Deki ya bei ya chini aghalabu hupokea kuanzia volti 100 hadi 240, hivyo umeme ukipungua jioni inaendelea kucheza. Baadhi ya mashine za gharama zina transfoma kubwa iliyopangiwa volti 230 tu, na bila stebilaiza hazistahimili. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, zote mbili ziko hatarini, ila lenzi ya DVD fundi wa mjini anaipata siku hiyohiyo. Ya Blu-ray, inayohitaji miale ya leza ya aina tatu ili kusoma CD, DVD na Blu-ray yenyewe, huagizwa mbali, na mara nyingine haipatikani kabisa.

Ofisa mmoja wa umma aliyezungumza kwa sharti la kutotajwa anaona soko linapanuka. Ushahidi wake ni takwimu inayosikika kwenye kila jukwaa: vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikishiwa umeme, na gharama ya kuunganishwa kijijini ni Sh27,000. Kwa mantiki yake, kila waya mpya ni mteja mpya wa runinga na deki. Wafanyabiashara wanaipokea hesabu hiyo kwa kicheko. Umeme kufika kijijini haimaanishi umeingia kila nyumba, na nyumba iliyounganishwa huanza na taa, simu na redio. Ofisa hakuwa na takwimu za deki zinazouzwa wilayani Kilosa, wala za zinazokaa madukani bila kuguswa.

Anataja pia reli ya kisasa inayopita Kilosa kuwa itashusha bei. Wauzaji wanajibu kwamba nauli si mzigo wao mkubwa. Mashine ya Sh100,000 bandarini, ikitozwa ushuru wa kawaida wa asilimia 25 wa bidhaa zilizokamilika, inafika Sh125,000. VAT ya asilimia 18 inaisogeza hadi Sh147,500, kabla ya tozo nyingine, faida ya muuzaji wa jumla na ya wa rejareja.

Huko duniani nako dalili si njema. Kampuni moja iliyosifika kwa deki za hadhi ya juu ilitangaza mwaka 2018 kuacha kuzitengeneza, na mwaka uliofuata kampuni kubwa ya Korea Kusini ikajiondoa kwenye soko la Blu-ray la Marekani. Wachache waliobaki wanalenga wapenzi wa filamu wa nchi tajiri, si Mikumi. Huenda hilo likaleta mitumba mizuri kwa bei nafuu kupitia Dubai, ingawa mnunuzi wa mashine ya soko la Dubai atakuta imefungwa isome DVD za kanda ya mauzo namba 2, wakati sehemu kubwa ya Afrika iko kanda namba 5.

Kwa sasa biashara yenye uhakika zaidi inaonekana kuwa ya fundi, si ya muuzaji. Nyumba za wageni zinaweza kuendelea kuagiza moja moja, na intaneti ikibaki ghali na ya kusuasua, diski itakuwa na nafasi kidogo. Mfanyabiashara wa Mikumi hategemei hilo: anasema deki ya gharama aliyobaki nayo ataiuza kwa bei aliyoinunulia, na hataagiza nyingine.