Kumsikiliza Mwanafunzi Kabla ya Kumpima: Mwalimu wa Kiswahili na Wiki za Mwanzo za Kidato cha Kwanza, Old Moshi

1. Utangulizi



Mhadhara huu unahusu namna mwalimu anavyoweza kuyatambua mahitaji ya wanafunzi wake mapema, kabla kozi haijakomaa na kabla udhaifu haujawa mazoea. Nimeichukua Old Moshi, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kuwa mfano wangu kwa sababu swali la lugha ya shule lina historia ndefu mahali hapo. Mwaka 1909 Johannes Raum, mmisionari wa Leipzig, alichapisha sarufi ya Kichaga iliyoegemea lahaja ya Moshi, yaani Kimochi. Mwenzake, Bruno Gutmann, aliyeanza kazi Uchagani mwaka 1902 na kuishi Kidia kwa miaka mingi, aliitetea lugha ya nyumbani kuwa msingi wa malezi na mafundisho. Serikali za kikoloni, ya Wajerumani na kisha ya Waingereza, zilikipa Kiswahili nafasi katika shule zao. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma nchini, huku Kiingereza kikibaki katika sekondari, kama ilivyo hadi leo.

Kwa hiyo, mtoto anayeingia Kidato cha Kwanza Old Moshi anaweza kuwa na lugha tatu kichwani: Kimochi cha bibi yake, Kiswahili cha shule ya msingi, na Kiingereza cha vitabu alivyopewa juzi. Hoja yangu ni kwamba katika wiki za mwanzo mwalimu wa Kiswahili ana nafasi ya pekee ya kujua mwanafunzi huyo anahitaji nini. Kipindi chake ni miongoni mwa vichache ambamo mwanafunzi anaulizwa na kujibu kwa lugha aliyosomea kwa miaka mingi. Nafasi hiyo ikipotea, shule nzima hupoteza.

2. Kimya kina sababu nyingi

Tuwachukue wanafunzi wawili wa kubuni. Katika wiki ya kwanza mwalimu wa baiolojia anauliza kwa Kiingereza jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Wote wawili wanaacha nafasi ya jibu wazi, na wote wawili wanapata sifuri. Baadaye swali lilelile linaulizwa kwa Kiswahili. Wa kwanza anaeleza usanisinuru bila taabu: jani hutumia mwanga wa jua, maji na hewa ya ukaa kutengeneza sukari. Wa pili anabaki kimya vilevile.

Katika daftari la alama watoto hawa ni sawa. Katika mahitaji yao hawafanani hata kidogo. Wa kwanza ana maarifa, naye anadai lugha ya kuyasemea. Wa pili anadai maarifa yenyewe, na kumwongezea mazoezi ya Kiingereza peke yake ni kumpa dawa ya ugonjwa mwingine. Tena anaweza kuwapo wa tatu, ambaye hakujibu kwa sababu hakuyaona maandishi ubaoni, na wa nne aliyejua jibu lakini akaogopa kuchekwa.

Wenyeji wa Uchagani wanaotunza mifongo, ile mifereji inayoleta maji vihambani, wanalijua jambo hili kwa njia yao. Maji yasipofika kwenye migomba, mtu haanzi kwa kulichimba shamba. Huufuata mfongo kuelekea juu, hatua kwa hatua, hadi aone ulipobomoka. Sifuri katika daftari ni shamba lililokauka, na bado haijatuonyesha mahali pa kuziba.

Ukubwa wa tatizo la lugha katika sekondari zetu si jambo geni. Ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kuwawezesha kujifunza masomo mengine. Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro, katika kitabu chao cha mwaka 1997, walilijadili kama mgogoro wa elimu yenyewe. Hata hivyo, mjadala wa sera, pamoja na umuhimu wake, haumwambii mwalimu wa leo ni nani kati ya wale wawili aliyekaa mbele yake. Vivyo hivyo, kozi ya awali ya Kiingereza kwa Kidato cha Kwanza ina manufaa yake, ila humpa kila mmoja kipimo kilekile cha dawa.

3. Kosa kama ushahidi

Mwaka 1967 mwanaisimu Pit Corder alichapisha makala iliyobadili mtazamo wa wengi kuhusu makosa ya wajifunzaji. Alitofautisha mtelezo wa ulimi au kalamu, ambao msemaji anaweza kujirekebisha mwenyewe, na kosa linalorudiarudia kwa utaratibu. Hili la pili ni ushahidi wa kanuni ambayo mjifunzaji amejijengea kwa wakati huo. Mwalimu anayelifuta kwa wino mwekundu bila kulisoma anautupa ushahidi huo.

Mfano ulio karibu ni jozi dhana na zana, au thamani na samani. Sauti za th na dh ziliingia katika Kiswahili hasa kupitia maneno ya Kiarabu, na wazungumzaji wengi wa bara huzitamka s na z. Mwanafunzi akiandika “zana ya uhuru” mahali pa “dhana ya uhuru”, tuna maelezo yasiyopungua matatu. Pengine hasikii tofauti ya sauti hizo. Pengine anaisikia lakini hajajua inavyoandikwa. Au pengine neno dhana ni geni kwake, naye ameandika lile analolijua. Kuwatenganisha hakuhitaji chombo chochote. Mwalimu ayatamke maneno hayo mawili na kumuuliza kama ni neno moja au mawili. Kisha amwombe atunge sentensi kwa kila moja. Lakini kwanza mwalimu ajisikilize mwenyewe. Ikiwa kinywani mwake dhana na zana ni kitu kimoja, imla yake itampima mwanafunzi kwa kosa la mwalimu.

Hapa inafaa kuonya. Tusiharakishe kusema kwamba kila kosa la mtoto wa Old Moshi limetokana na Kichaga. Tatizo la dh na z liko mbali na Uchagani pia, na wapo watoto wa Moshi ambao lugha yao ya kwanza ni Kiswahili. Jina la ukoo si kipimo cha lugha.

4. Hatua za wiki mbili za mwanzo

Napendekeza hatua nne, zote zisizo na alama.

Kwanza, siku ya kwanza au ya pili kila mwanafunzi aandike kwa Kiswahili, kwa dakika kumi na tano, kuhusu jambo analolifahamu vizuri: jinsi maji yanavyofika nyumbani kwao, au jinsi ndizi zinavyotayarishwa. Mada ikiwa inafahamika, upungufu utakaoonekana ni wa uandishi zaidi kuliko wa habari.

Pili, baada ya siku chache aandike habari hiyohiyo kwa Kiingereza. Mwalimu wa Kiswahili na wa Kiingereza waziweke karatasi hizo mbili bega kwa bega. Aliyeandika kurasa mbili kwa Kiswahili na mistari mitatu kwa Kiingereza ana hitaji moja. Aliyeandika mistari mitatu kwa kila lugha ana hitaji jingine, nalo ni la dharura zaidi.

Tatu, kila mmoja asome aya fupi kwa sauti mbele ya mwalimu, pembeni, si mbele ya darasa, kisha aeleze alichosoma. Wapo wanaosoma kwa ufasaha wasielewe, na wapo wanaokwama kila neno lakini maana wameipata.

Nne, mwalimu aangalie yasiyo ya lugha: nani anakunja uso akitazama ubao, nani hujibu swali ambalo halikuulizwa, nani hufika amechoka kwa kupanda mlima.

Matokeo yaandikwe kwa maneno, mstari mmoja kwa kila mwanafunzi, na walimu wa masomo mengine waonyeshwe.

5. Pingamizi

Itasemwa kwamba madarasa ni makubwa na muhtasari ni mrefu. Ni kweli. Lakini karatasi kumi kwa siku humaliza darasa kubwa ndani ya muhula kungali mapema. Tukisubiri, upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili huja mwishoni mwa mwaka wa pili, wakati mtoto amekwisha kujiaminisha kwamba hana akili. Muda tunaodhani tumeuokoa Januari tunaulipa kwa riba.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba utambuzi unaweza kugeuka kuwa muhuri. Mtoto aliyeandikwa “dhaifu” wiki ya pili huweza kubaki dhaifu katika macho ya walimu hadi anaondoka. Kwa sababu hiyo tuandike anachohitaji badala ya alivyo, na tulifungue upya daftari hilo baada ya nusu muhula.

6. Hitimisho

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huzibwa na aliyeuona, na huonwa na aliyekwenda kuutazama. Wanafunzi wangu mnaojiandaa kuwa walimu wa Kiswahili, mtakapoingia darasani kwa mara ya kwanza mtakuwa na lugha ambayo mtoto aliyenyamaza siku nzima anaweza kuwajibu kwayo. Muulizeni, kisha mpeni nafasi amalize kusema.