Udongo Haujengi Kucha

Kila kipupwe kinapoishika Ufipa, upepo mkavu ukavuma juu ya uwanda huu ulioinuka takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, huletewa vidole vilevile na swali lilelile: “Daktari, kucha zangu zinabanduka kama maganda ya kitunguu, nile udongo kiasi gani zipate chokaa?” Nimekwisha kulijibu kwa upole, nimekwisha kulijibu kwa ukali, leo nalijibu kwa kalamu.

Dhana ya kwamba kucha ni ndugu ya mfupa, na kwa hivyo hutibiwa kwa chokaa, ni batili tangu asili yake. Kucha ni ndugu ya unywele na ya pembe ya ng’ombe: imeumbwa kwa keratini, na ugumu wake hutokana na salfa inayofungamanisha nyuzi zake, ilhali kalsiamu iliyomo, ndiyo hiyo muiitayo chokaa, haifiki hata sehemu 1 katika 100 ya uzito wake. Hata yale madoa meupe yanayotolewa kuwa hoja ya uhaba wa chokaa, aghalabu ni athari ya mzizi wa kucha kugongwa majuma kadhaa kabla. Fauka ya hayo, udongo huweza kuyanasa madini ya chuma tumboni yasiingie damuni. Na mtu aliyepungukiwa chuma, kucha zake huwa nyembamba, hukatika, na mwishowe hubonyea mfano wa kijiko. Basi mama mjamzito, ambaye haja yake ya chuma ni kubwa mno, anunuapo vipande vya udongo sokoni kwa nia ya kujitibu, huenda anakula maradhi akidhani ni dawa. Hili hunihuzunisha kila ninapoliona.

Tiba nyingine za nyumbani nazo hazifai. Limau hukausha kucha. Kitunguu saumu kibichi huunguza ngozi. Viacheni.

Adui wetu ni kurowa na kukauka mara kwa mara: kufua nguo kwa sabuni ya unga, kuosha vyombo na samaki aina ya migebuka kutoka Kasanga, kisha baridi kavu. Vaa glavu za mpira, kausha vidole, paka vaselini au mafuta ya alizeti kila ulalapo, kata kucha fupi, usiiondoe ngozi ya shinani, epuka asetoni, na subiri miezi 6, maadamu kucha ya mkono hukua kama milimita 3 tu kwa mwezi. Ikibonyea, nenda ukapimwe damu. Ikitunga usaha, au mstari mmoja mweusi ukizuka na kupanuka, usingoje hata juma moja.